Chipu ya ubongo itafika lini Amani?

Kila ikitoka habari ya chipu ya ubongo, wasomaji wangu huniuliza swali moja: na sisi itatufikia lini? Wengine huuliza kwa matumaini, kwa sababu nyumbani kuna mgonjwa. Wengine huuliza kwa hofu. Wengine ni utani wa kijiweni tu, eti wenye mikopo watatusoma mpaka mawazo kabla hatujazima simu. Swali lenyewe ni zuri sana. Tatizo ni majibu. Wenye makampuni kila mwaka wanasema mwakani. Wenzetu wa hapa nyumbani wanasema hayo ni ya Wazungu, hayatuhusu. Mimi nadhani wote wanapotosha, na nina ushahidi wangu kutoka huku kwetu Usambara Mashariki.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini, maana magazeti yetu (na mimi nimo humo humo) hupenda kuandika kana kwamba ni uchawi. Unapotaka kunyanyua mkono, seli za neva kwenye ubongo hutoa mipigo midogo ya umeme. Amri hiyo hushuka kupitia uti wa mgongo mpaka kwenye misuli. Kwa mtu aliyevunjika shingo, ubongo bado unatoa amri lakini njia imekatika. Wataalamu huweka vijiti au nyuzi ndogo ndogo, elektrodi, juu ya ubongo au ndani yake, zinasikiliza ile mipigo, halafu programu ya kompyuta inajifunza kwamba mipigo ya namna hii maana yake ni kulia, na ya namna ile ni kushoto. Basi. Haisomi siri zako za moyoni. Inasikiliza amri unazojaribu kutoa.

Na si jambo la jana. Mjerumani Hans Berger alirekodi umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1924. Mwaka 1973 Jacques Vidal wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliandika juu ya kuunganisha ubongo na kompyuta. Juni 2004 Mmarekani Matt Nagle, aliyepooza baada ya kuchomwa kisu, aliwekewa kifaa cha BrainGate na akaweza kusogeza kishale kwenye skrini kwa kukusudia tu. Januari 2024 Noland Arbaugh akawa wa kwanza kuwekewa kifaa cha Neuralink chenye elektrodi 1,024.

Sasa angalia hiyo mistari vizuri. Kutoka Berger hadi Nagle ni miaka 80. Kutoka Nagle hadi Arbaugh ni miaka 20, na kazi aliyoanza nayo Arbaugh ni ile ile, kusogeza kishale. Kwa ustadi zaidi, kwa uhuru zaidi, bila waya kutoka kichwani, sawa. Lakini ni kishale.

Mwaka 2019 Elon Musk alisema anatumaini kuanza majaribio kwa binadamu kabla ya mwisho wa 2020. Yalianza 2024. Na mgonjwa yule wa kwanza, wiki chache baada ya upasuaji, nyuzi nyingi zilijivuta na kutoka mahali pake, ikabidi wahandisi warekebishe programu ili kifaa kiendelee kufanya kazi. Simcheki Musk. Nasema tu kwamba nyama ya binadamu haisomi ratiba ya kampuni. Ubongo unacheza cheza ndani ya fuvu kila unapopumua, na mwili ukiona kitu kigeni hukizungushia kovu.

Lakini kuna upande ambao kweli unakimbia, nao ni ule wa programu. Mwaka 2021 timu ya Edward Chang kule San Francisco ilimwezesha mtu asiyeweza kusema kutoa maneno kama 15 kwa dakika, tena kutoka kwenye orodha ya maneno 50 tu. Mwaka 2023 timu hiyo hiyo ilifika maneno 78 kwa dakika, na wenzao wa Stanford walifika 62 kwa orodha ya maneno 125,000. Mazungumzo ya kawaida ya Kiingereza ni kama maneno 160 kwa dakika. Miaka miwili, mara tano! Mwaka 2024 watafiti wa chuo kikuu cha California kilichopo Davis walitangaza mgonjwa ambaye mashine ilipatia maneno yake kwa asilimia 97.

Kwa hiyo mtu akikuuliza kama teknolojia hii inakwenda haraka au polepole, mwambie yote mawili. Kompyuta inakimbia. Elektrodi zinatambaa. Watafiti Stevenson na Kording walipiga hesabu mwaka 2011 wakaona kwamba idadi ya seli za neva zinazoweza kurekodiwa kwa wakati mmoja huongezeka mara mbili kila baada ya miaka saba hivi. Ubongo una seli kama bilioni 86. Chukua kalamu. Ukianzia elfu moja, ukaongeza mara mbili kila miaka saba, utahitaji zaidi ya miaka 180 kuzifikia zote. Bahati nzuri hatuhitaji zote ili mgonjwa aseme "nina kiu". Lakini wale wanaotuahidi kupakia akili nzima ya mtu kwenye kompyuta ndani ya maisha yetu, naomba tuwasikilize kama tunavyomsikiliza dalali.

Hiyo ni saa ya kwanza, saa ya maabara. Saa ya pili ndiyo inayonikera, na ndiyo inayotuhusu: toka kitu kikubalike huko mpaka kifike kwa mtu wa Muheza.

Watu wengi wanadhani chipu itakuja kama simu ya mkononi. Simu ya kwanza ya mkononi ilianza kuuzwa Marekani 1983, na Mobitel ikaanza kazi Tanzania 1994. Miaka 11. Leo bibi huku milimani anapokea pesa za mjukuu wake kwenye simu. Basi tunajipa moyo: teknolojia siku hizi inakuja yenyewe.

Haiji yenyewe. Simu ilikuja haraka kwa sababu inakaa mfukoni. Mtu ananunua leo, anatumia leo, ikiharibika kuna fundi pale stendi. Kitu kinachoingia mwilini kina safari nyingine kabisa.

Chukua kifaa cha usikivu kinachopandikizwa ndani ya sikio. Watu hawakifikirii, lakini hicho ndicho ndugu wa karibu kabisa wa chipu ya ubongo. Kina elektrodi zinazopeleka umeme moja kwa moja kwenye neva ya kusikia. Ni kompyuta inayozungumza na neva, na mamia ya maelfu ya watu duniani wanacho. Marekani ilikiidhinisha kwa watu wazima mwaka 1984. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza mwaka 2017, na kabla ya hapo watoto wetu walipelekwa India. Toa hesabu: miaka 33.

Chukua dawa ya malaria. Amani tunaijua malaria kuliko wengi. Wajerumani walianzisha taasisi yao ya utafiti hapa mwaka 1902, wakapanda mpaka miti ya kwinini. Baadaye, chini ya Waingereza, Amani ikawa makao ya utafiti wa malaria kwa Afrika Mashariki nzima, na mpaka leo jina hilo linabebwa na kituo cha NIMR chenye makao Muheza. Sasa, Wachina wakiongozwa na Tu Youyou waliipata artemisinini mwaka 1972. Tanzania iliamua kuifanya dawa mseto, hii tunayoiita ALu, kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2006. Toa hesabu: miaka 34. Na hapa ni mlima ambao malaria imechunguzwa kwa vizazi!

Upande wa pili wa safari ni mfupi ajabu. Ule ua wa zambarau unaokaa kwenye madirisha ya Ulaya, unaoitwa Saintpaulia, ulichukuliwa huku Usambara na ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul. Mbegu zilipelekwa 1892, na 1893 ua lilikuwa limeshapewa jina la mzungu huko huko. Kitu kikitoka kwetu huchukua mwaka. Kikija kwetu huchukua miaka 33.

Kuna ndugu watasema, basi dawa ni kukubali majaribio yafanyike hapa, nasi tutakuwa wa kwanza kupata. Tusijidanganye. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilianza kutengenezwa 1987. Majaribio yake makubwa, kati ya 2009 na 2014, yalifanyika nchi saba, na Korogwe hapo jirani ilikuwa moja ya vituo, Bagamoyo pia. Mwaka 2019 chanjo ilipoanza kutolewa kwa awamu ya kwanza, nchi zilikuwa tatu: Malawi, Ghana na Kenya. Watoto wa Korogwe walitoa mikono yao, lakini nchi yao haikuwamo kwenye orodha. Kushiriki jaribio ni kitu kimoja, kuwa na zamu yako kwenye foleni ni kitu kingine.

Je, hii miaka 33 ni amri ya Mungu? Hapana. Chanjo ya Uviko-19 ilianza kutolewa kwa umma Uingereza Desemba 2020. Julai 28, 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani Ikulu. Haijafika hata miezi minane, na hapo tulikuwa tumechelewa kuamua wenyewe. Kumbe inawezekana! Dunia ikiogopa, na pesa zikiwepo, miaka inakuwa miezi. Maana yake hii saa ya pili haiendeshwi na sayansi. Inaendeshwa na watu wanaoamua nani asubiri.

Na kusubiri kuna gharama yake. Huku Amani vijana wanapanda mikarafuu. Kule pwani wanapanda minazi. Barabarani kuna bodaboda. Kila mtu anamjua mmoja aliyeanguka akavunjika mgongo au shingo, akarudishwa nyumbani akalazwa chumba cha ndani. Tuchukulie anayeanguka leo ana miaka 20. Tuchukulie vifaa hivi vimezoeleka kwenye hospitali za Marekani ifikapo 2032. Ongeza miaka 33 ya kawaida yetu: 2065. Kijana wetu atakuwa anakaribia miaka 60.

Atakuwa hai? Hilo ndilo swali la kweli, na jibu lake haliko California. Aliyevunjika uti wa mgongo kwetu mara nyingi hauawi na mgongo. Anauawa na vidonda vya kulala upande mmoja, vinavyooza mpaka mfupa. Anauawa na maambukizi ya njia ya mkojo, kwa sababu mpira wa mkojo mmoja unatumika mpaka uchakae. Kumgeuza kila baada ya saa mbili, godoro linalofaa, mpira safi, mtu wa mazoezi ya viungo anayefika nyumbani: hivyo ndivyo vitamfikisha kwenye 2065, au 2050, au 2040 tukiamka mapema.

Kwa hiyo wale wanaoniambia "acha habari za chipu wakati zahanati haina hata godoro", nakubaliana nao nusu. Godoro kwanza, bila ubishi. Lakini msifanye kana kwamba godoro na chipu ni maadui. Ni barabara moja. Asiyekuwa na godoro hafiki kwenye chipu, na nchi isiyojiandaa kwa chipu itabaki na godoro tu wakati wenzake wanasimulia mambo yao kwa sauti zao wenyewe.

Halafu kuna suala la lugha, ambalo sijaona mtu akilisemea. Hizi mashine za kumrudishia mtu maneno hazisikilizi ubongo peke yake. Ubongo unatoa dokezo lenye kelele, halafu programu iliyolishwa maandishi mengi sana inakisia neno gani linafuata. Ikilishwa Kiingereza, itakisia Kiingereza. Sasa fikiria Kiswahili. Kwetu "hatutaonana" ni neno moja, ndani yake kuna nani, lini, kukanusha na kutendana. Kitenzi kimoja, ona, kinazaa maumbo ambayo huwezi kuyamaliza kuyaandika kwenye daftari. Orodha ya maneno 125,000 ya Mwingereza haiwezi kuhamishwa ikatosha hapa. Lazima mashine ijue viambishi vyetu. Kwamba inawezekana kwa lugha nyingine, tumeshaona: mwaka 2024 timu ile ya San Francisco ilitangaza kifaa kinachotambua Kihispania na Kiingereza kwa mtu mmoja. Lakini Kihispania kina maandishi na sauti tele za kulishia programu.

Sisi je? Kuna mradi wa Common Voice wa Mozilla unaokusanya sauti za Kiswahili za watu wanaojitolea. Kazi hiyo haihitaji kupasua fuvu la mtu. Haihitaji dola milioni. Inahitaji watu wasome sentensi kwenye simu zao, na vyuo vyetu na mabaraza ya Kiswahili walione hili kama kazi yao. Nisingependa kuona, siku kifaa kitakapofika, mzee wa Muheza aliyepata kiharusi anafunguliwa mdomo baada ya miaka kumi ya ukimya, halafu analazimika kuwaza kwa Kiingereza ili wajukuu wamsikie. Na Kisambaa chake ndiyo hakitajwi kabisa.

La mwisho, nani atakirekebisha kikiharibika? Hili nalo si la kubuni. Kampuni ya Marekani ya Second Sight ilitengeneza kifaa cha kuwasaidia vipofu kuona mwanga na maumbo, kinapandikizwa jichoni. Watu zaidi ya 300 duniani waliwekewa. Mwaka 2019 kampuni iliacha kukitengeneza, 2020 ikakaribia kufilisika, na watu wakabaki na chuma kisicho na fundi ndani ya macho yao. Hao ni watu wa Marekani na Ulaya, wenye mawakili. Sisi ambao hospitali zetu zina stoo za mashine za msaada zilizokufa kwa kukosa kipuri, tutapona?

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na mwenye hoja nyingine aje nayo. Kwenye nchi tajiri, ndani ya miaka kumi hadi kumi na tano ijayo, kumrudishia mtu aliyepooza maneno na kishale itakuwa tiba inayofahamika. Mikono na miguu itachelewa zaidi. Watu wazima wazima kujiwekea chipu ili wawe na akili zaidi, hilo sitarajii kuliona nikiwa kijana, na pengine hata nikiwa mzee. Kwetu, tukikaa kimya, itafika 2065. Tukijipanga, naamini tunaweza kukata miaka 20 kwenye hesabu hiyo.

Kujipanga ni nini? Ni kuongeza madaktari wa upasuaji wa ubongo nje ya MOI na hospitali chache kubwa. Ni kufundisha mafundi wa kupima umeme wa ubongo, ambao hata leo wagonjwa wa kifafa wanawahitaji, wala hawasubiri chipu. Ni kukusanya Kiswahili chetu wenyewe kabla hatujauziwa. Ni kuitazama upya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na kusema wazi kwamba mipigo ya ubongo wa mtu ni mali yake, kama Chile ilivyoamua kuilinda kwenye katiba yake mwaka 2021. Na ni kukataa mkataba wowote wa kifaa cha kupandikiza usiosema nani atakihudumia mwaka wa kumi.

Siku nyingine ukisikia mtu anatangaza kwamba chipu ya ubongo iko njiani, usimuulize ina elektrodi ngapi. Muulize inajua Kiswahili? Fundi wake anakaa wapi? Na yule kijana aliyeanguka kwenye mkarafuu mwaka huu, nani anamgeuza usiku?

Nawasilisha.